Mliniambia nihamie SSD nitasahau matatizo. Someni yaliyonikuta

Wakuu, leo asubuhi nimejibiwa na aliyeniuzia adapta ya USB, kile kifaa cha kuunganisha diski ya SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) na mashine. Nimesubiri jibu wiki sita, na jibu lenyewe ni sentensi moja: "Nimeijaribu kwenye laptopu inafanya kazi vizuri." Basi, hakuna zaidi. Nimeisoma mara tatu mikono ikitetemeka, ndiyo maana nafungua uzi huu. Ni mrefu, mnivumilie.

Nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Sikuiweka kwa ajili ya kuchezea taa za rangi. Ninaishi na mama yangu, macho yake yamepungua nguvu, na kila usiku anaamka mara mbili tatu kwenda msalani. Kwenye korido kuna sensa ya mwendo. Akitoa mguu mlangoni taa inawaka kwa mwanga mdogo, akisharudi kitandani inazima yenyewe. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya seva yangu. Mengine yote ni nyongeza.

Mwanzo nilitumia kadi ya SD. Ikafa kabla ya kutimiza miaka miwili, na hilo sikushangaa: joto likipanda kidogo, mlango ukifunguliwa, kila badiliko linaandikwa kwenye hifadhidata, usiku na mchana. Kadi ya kawaida haihimili kuandikwa hivyo. Nikauliza humu na kwingineko, jibu likawa lilelile: hamia SSD, utasahau matatizo. Hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu adapta. Hakuna aliyetaja umeme. Nyie mliosema "nunua, chomeka, umemaliza", nawaambia wazi kwamba mlinipa nusu ya ushauri, na ile nusu mliyoiacha ndiyo iliyoniumiza.

Siku nane za kwanza baada ya kuhamia SSD zilikuwa raha. Kurasa za historia zilizokuwa zinajikokota zikawa zinafunguka papo hapo. Usiku wa tisa nikasikia kishindo koridoni. Nikamkuta mama gizani, ameegemea ukuta, kiganja kimechubuka, ananiambia taratibu, "Mwanangu, taa imekataa."

Nilipomrudisha kitandani nikaenda kwenye seva. Kwa kuitazama ungesema ni nzima: taa nyekundu inawaka, ukurasa kwenye simu unafunguka, vifaa vyote vinaonekana. Ila sensa zote zilikuwa zimesimama saa saba na dakika arobaini. Nikigusa chochote, kile kiduara kinazunguka tu. Taa ndogo ya adapta ilikuwa inapepesa mara chache, inanyamaza, halafu inapepesa tena. Nikakaa chini sakafuni nikahesabu: ni kama sekunde thelathini kati ya kupepesa na kupepesa. Nikachomeka skrini. Mistari ilikuwa inashuka mmoja baada ya mwingine, uas_eh_abort_handler, kisha USB inawashwa upya, kisha uas_eh_abort_handler tena, mpaka chini kabisa mfumo wa faili ukawa umejifunga: kusoma tu, kuandika hakuna.

Niliipiga picha ile skrini, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu nilipozima na kuwasha hapakuwa na alama yoyote ya tukio. Logi, yaani kumbukumbu za matukio, zinaandikwa kwenye diski ileile iliyoganda! Ni wangapi humu wameamka wakakuta seva imeganda, wakaiwasha upya, wakatafuta sababu wasione kitu, wakailaumu programu?

Kwa wasiojua, UAS ni namna ya kuongea na diski kupitia USB inayoruhusu amri nyingi kupangwa foleni kwa wakati mmoja, tofauti na ile ya zamani ambapo amri moja lazima imalizike ndipo nyingine iingie. Ikitengenezwa vizuri ni jambo jema. Lakini zipo chipu za kugeuza SATA (njia ya kuunganishia diski) kuwa USB zinazojitangaza kwamba zinaiweza, kumbe zikibanwa zinakaa kimya. Linux, mfumo unaoendesha mashine, inasubiri sekunde 30, haioni jibu, inaiwasha USB upya, inajaribu tena, na mwisho inakata tamaa. Kwa hiyo "nimeijaribu kwenye laptopu" haina maana yoyote kwangu! Kunakili faili kubwa dakika kumi kwenye mashine yenye umeme wa kutosha kunatofautiana kabisa na kuandika vipande vidogo vidogo bila kupumzika, mchana na usiku, kwenye bodi ndogo inayogawana umeme na kila kilichochomekwa.

Na huo umeme ndio jambo la pili lililonyamaziwa. Raspberry Pi 4 ina matundu manne ya USB, na yote kwa pamoja yanatoa ampea 1.2. Jumla, si kila tundu. Nikageuza diski yangu nikasoma kibandiko: volti 5, ampea 1.5. Haivuti kiasi hicho muda wote, lakini ikianza kuandika kwa nguvu inaruka juu, na mimi nilikuwa natumia chaja ya simu. Nikaandika vcgencmd get_throttled, amri ya kuangalia hali ya umeme wa bodi, ikanijibu 0x50005. Maana yake umeme upo chini sasa hivi, na ulishawahi kushuka tangu mashine iwashwe. Bodi inaanza kulalamika ukishuka chini ya volti 4.63. Chaja ya simu inaweza kuandikwa ampea 3 na bado volti zikaanguka kwa sababu ya waya mwembamba. Nimenunua pawa saplai iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi hii, ya volti 5.1 na ampea 3, na jibu sasa ni 0x0, yaani hakuna tatizo. Wenye Raspberry Pi 5 msijione mmepona: bila pawa saplai ya ampea 5, matundu yenu ya USB yanabanwa yasizidi ampea 0.6 kwa pamoja. Ukiwa nayo ndipo yanafika 1.6.

Turudi usiku ule, maana bado. Nilipoichomoa diski na kuifanyia fsck (ukaguzi na ukarabati wa mfumo wa faili) kwenye laptopu, folda ya bakapu ikaishia lost+found, vipande vyenye namba badala ya majina, na hakuna hata kimoja kilichofunguka. Ndiyo, nilikuwa nahifadhi bakapu kwenye diski ileile, kwa sababu ndiko mfumo unakoziweka usipoelekezwa kwingine. Hifadhidata ya historia ikaonekana imeharibika. Home Assistant ikaibadilisha jina ikaiweka pembeni, ikaanza mpya, tupu. Matumizi ya umeme ya nyumba yangu niliyoyakusanya tangu siku ya kwanza yakaenda. Nikakumbuka nina nakala moja ya zamani kwenye laptopu. Ikaniomba ufunguo wa usimbaji. Tangu toleo la 2025.1 bakapu za otomatiki zinafungwa kwa ufunguo, na wangu ulikuwa kwenye mipangilio ya seva hiyohiyo iliyokufa. Kufunga bakapu sipingi. Lakini kabla hujalala leo, chukua ufunguo huo uuandike mahali pengine, hata kwenye karatasi. Mimi nimepanda kiti na kushuka siku mbili nzima, nikiunganisha upya vifaa 31 vya Zigbee (redio inayounganisha sensa na taa na seva bila waya) kimoja kimoja, pini mkononi, nabonyeza kitundu mpaka taa ndogo ipepese.

Na Zigbee nayo ina lake. USB 3 inatoa kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, mulemule Zigbee inamofanyia kazi. Intel waliandika waraka mzima juu ya hilo mwaka 2012. Mimi nilikuwa nimechomeka diski kwenye tundu la bluu na kifaa cha Zigbee jirani yake, vimegusana. Sensa za vyumba vya mbali zilikuwa zinapotea nikadhani ni betri, nikabadilisha betri nzima nzima. Waya wa kurefusha wa mita moja, kwenye tundu jeusi la USB 2, umemaliza kesi hiyo.

Kuhusu adapta, dawa ni kuilazimisha iache UAS. Andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, na kwenye mstari wa adapta utaona namba mbili zimetenganishwa na nukta pacha. Fungua cmdline.txt, faili ya maagizo ya kuwashia mfumo, mwisho wa mstari uleule acha nafasi moja, kisha weka usb-storage.quirks= ikifuatiwa na namba hizo mbili na :u. Usishuke mstari mpya, faili hiyo inatakiwa iwe mstari mmoja. Kasi itapungua kidogo, lakini kwa seva ya nyumbani hutaiona.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki. Nilinunua adapta ya pili, boksi lilelile, rangi ileile, jina lilelile la modeli. lsusb ikaonyesha namba tofauti. Wamebadilisha chipu ndani bila kusema! Kwenye boksi wameandika "5Gbps" kwa herufi kubwa, jina la chipu halipo popote. Hiyo ni kumficha mnunuzi kitu pekee alichohitaji kukijua, na ni makosa. Nimemwandikia muuzaji hayo yote, nikamtumia na picha ya skrini, ndipo nikajibiwa habari ya laptopu.

Kwa hiyo mwenye adapta iliyodumu miezi mingi bila kuganda, naomba aweke hapa namba za lsusb na aina ya pawa saplai anayotumia. Jina la modeli msihangaike nalo. Na mkimshauri mtu ahamie SSD, mwambieni na haya.

Yangu ina siku 37 haijawashwa upya USB hata mara moja, naangalia dmesg (ujumbe wa mfumo) kila asubuhi kabla ya chai. Taa ya korido inawaka kila akitoka. Lakini mama sasa analala na tochi chini ya mto, na jana usiku nimemsikia akiibonyeza mlangoni, wakati taa ilishawaka.