Mjadala: Kwa kuwa AltaVista ilianguka, Google nayo tuiachie soko?

Wakuu, kila kesi ya Google inapotajwa kuna hoja inarudi, na naomba leo tuichambue vizuri. Wanaoitoa wanasema Marekani ilikosea kuishtaki Google kwa ukiritimba, kwa sababu kwenye biashara ya kutafuta habari mtandaoni hakuna anayedumu juu. AltaVista ilitawala, ikaanguka bila jaji wala sheria. Google nayo iachwe, siku yake itafika.

Naipinga hoja hiyo, na naipinga kwa kuitumia AltaVista yenyewe.

Turudi Desemba 1995. Kampuni ya Digital, iliyokuwa ikiuza kompyuta kubwa, ilikuwa na watafiti wake Palo Alto, California. Paul Flaherty alitoa wazo la AltaVista. Louis Monier akaandika Scooter, programu iliyozunguka mtandaoni ikizoa kurasa. Michael Burrows akaandika ile ya kuyapanga maneno ya kurasa hizo ili yapatikane upesi. Yahoo wakati huo ilikuwa orodha ya tovuti iliyopangwa na watu kwa mkono. AltaVista ilishika kila neno la ukurasa. Unafunga maneno yako ndani ya alama za kunukuu, unatanguliza alama ya kutoa kwenye neno usilolitaka, na majibu yanakuja papo hapo. Siku ya kwanza ilitembelewa mara 300,000. Miaka miwili baadaye ilikuwa ikifunguliwa mara milioni 80 kwa siku.

Lakini Digital walitaka kuuza kompyuta. AltaVista kwao ilikuwa tangazo: tazameni mashine zetu za Alpha zinavyoweza kubeba mtandao mzima. Hata anwani ya altavista.com haikuwa yao, ilikuwa ya kampuni nyingine yenye jina kama hilo, na watu walipitia altavista.digital.com hadi Compaq, kampuni nyingine ya kompyuta, ilipoinunua anwani hiyo mwaka 1998 kwa zaidi ya dola milioni 3.

Compaq ilikuwa imeinunua Digital nzima mwaka huohuo. Mwaka 1999 ikauza sehemu kubwa ya AltaVista kwa CMGI, kampuni iliyowekeza kwenye biashara za intaneti. CMGI ikapanga kuipeleka soko la hisa mwaka 2000, hisa za kampuni za intaneti zikaporomoka, mpango ukafa. Mwaka 2003 Overture, kampuni ya matangazo ya kwenye utafutaji, ikaichukua kwa dola milioni 140, na kabla mwaka haujaisha Overture yenyewe ikamezwa na Yahoo. Julai 8, 2013 Yahoo ikaifunga.

Na kila mwenye mali alikuja na yake. Ukurasa uliokuwa na kisanduku kimoja cha kuandikia ukajazwa habari, barua pepe na maduka. AltaVista ya Uingereza walifika mahali pa kutangaza, Machi 2000, kwamba watawapa watu intaneti isiyo na kikomo. Agosti wakakiri hawaiwezi. Mtu aliyekuja kutafuta kitu akawa wa mwisho kufikiriwa.

Nakubali pia kwamba Google, iliyoanzishwa Septemba 1998, ilikuwa bora. AltaVista iliyapanga majibu kwa kutegemea zaidi maneno yaliyomo kwenye ukurasa, na wajanja walijua: wanarundika maneno kwa rangi ileile ya ukurasa, msomaji hayaoni, mashine inayasoma. Google ilihesabu nani anauelekeza ukurasa huo kwa linki, na mwelekezaji mwenyewe ana uzito gani. Hilo lilikuwa gumu kulichezea. Jeff Dean na Sanjay Ghemawat, waliokuwa watafiti wa Digital, walikwenda Google mwaka 1999.

Lakini ubora huo uliwafikiaje watu? Hapa ndipo hoja ya wenzetu inapovunjika. Mlango ulikuwa wazi. Yahoo ilianza kutumia utafutaji wa AltaVista mwaka 1996, ikahamia kwa mtoa huduma mwingine, Inktomi, mwaka 1998, ikahamia Google mwaka 2000. Ndani ya miaka minne mojawapo ya tovuti kubwa kabisa ilibadilisha mtoa huduma mara mbili, na kampuni changa ikapata nafasi ya kuonekana.

Leo hali ni nyingine. Kesi ilifichua kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo watu wanayoikuta tayari kwenye simu na vivinjari. Nunua simu ya Android Kariakoo, iwashe: mara nyingi kisanduku cha Google kiko kwenye kioo kabla hujaweka hata namba ya mtu. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta alisema Google imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Septemba 2025 akapiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje, lakini malipo yenyewe akayaruhusu yaendelee. Kwangu hapo alilegea.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu aliyesema mtu anaweza kubadilisha kwenye mipangilio, ni kweli anaweza. Lakini kama watu wengi wangekuwa wanabadilisha, Google wangelipa mabilioni hayo kwa ajili gani?

Na dada aliyesema huduma za akili mnemba zitaleta ushindani kwa Google, nakiri hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na Jaji Mehta naye aliipa uzito. Bado, huduma hizo nazo zitamfikia mtumiaji kupitia simu na vivinjari hivihivi. Mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20. Mnaosema soko linatosha, nitajieni kampuni changa, ya ukubwa wa Google ya 1998, itakayoweza kupanda dau hilo.