Skrini nimezima, lakini watoto hawatoki nje kucheza: nifanyeje?

Mzazi wa Wawili (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nina watoto wawili, wa kiume mwenye umri wa miaka tisa na wa kike mwenye miaka mitano, na kwa muda sasa tumekuwa tukivutana kuhusu kishikwambi na televisheni. Sihitaji kuthibitishiwa kwamba skrini nyingi haziwafai, kwa kuwa hilo nimelikubali. Kinachonishinda ni hatua inayofuata. Nikizima, mkubwa hujilaza kwenye kochi akitazama dari na kuniuliza kila baada ya muda mfupi kama adhabu imekwisha, ilhali sijamwadhibu. Mdogo hulia mpaka sauti ikamkauka. Nikiwatoa nje, husimama mlangoni wameshika viatu mkononi, hukaa kidogo kwenye ngazi, kisha hurudi ndani kuniambia kwamba huko hakuna cha kufanya. Uwanja tunao, mdogo lakini umezungushiwa uzio, na mpira upo.

Je, niweke kikomo cha saa, au niondoe vifaa hivyo kabisa? Na mtoto aliyezoea kuburudishwa huanzaje kucheza mwenyewe? Naomba tusiishie kwenye jibu la "kuwa mkali", kwa sababu ukali humtoa mtoto nje lakini haumfanyi acheze.

Mwalimu wa Awali

Ndugu mwanzisha mada, swali lako lina mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: namna ya kuachana na skrini, na namna ya kuanza mchezo. Nitajibu la kwanza tu, kwa kuwa naona ndilo linaloharibu la pili.

Mtoto anayekatishwa katikati ya kipindi au gemu hutoka na hasira, na hasira hiyo huenda nayo uwanjani. Programu nyingi za video zimeundwa zisiwe na mwisho: moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe kabla mtoto hajapata nafasi ya kuinua macho. Ingia kwenye mipangilio ya programu husika uizime kabisa hiyo ya kuanza yenyewe, ili kuwe na mahali ambapo mambo huishia bila wewe kuonekana mnyang'anyi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walichunguza jinsi watoto wadogo wanavyoachana na skrini nyumbani, wakakuta jambo ambalo wazazi wengi wasingelitarajia: onyo la "zimebaki dakika mbili" liliambatana na vurugu zaidi, wala halikuzipunguza, ilhali watoto waliachana na kifaa kwa utulivu zaidi pale ambapo kuzima kulikuwa sehemu ya utaratibu wa siku, au kipindi chenyewe kilipofika mwisho. Binafsi sishangai, maana kwa mtoto wa miaka mitano dakika mbili si kipimo cha kitu chochote anachokijua. Anachokisikia ni tangazo la ugomvi unaokuja. Mwambie "hiki kikiisha tunatoka", na kikiisha, kiishe kweli. Kwa mkubwa anayecheza gemu, kubalianeni kabla hajawasha ni raundi ipi atakayomalizia, kwa kuwa zipo gemu ambazo ukiziacha katikati unapoteza ulichokipata, na kumlazimisha apoteze ni kuanzisha vita isiyo na sababu.

Halafu tazama maneno yenu. Mwanao anapoita hali hiyo adhabu, hajakosea sana, maana "weka hicho, nenda nje" ni kauli ya kumfukuza mtu. Ni afadhali kutoka nje kuwe na saa yake katika siku, kabla skrini haijawashwa, kuliko kuwe kitu cha kujaza nafasi baada ya kuzimwa. Wala usiifanye skrini kuwa zawadi. Ukimwambia "ukikaa nje saa moja nitakupa kishikwambi", umemwonyesha kwamba nje ndiko kazini na ndani ndiko kwenye mshahara, naye atakaa kwenye ngazi zako akisubiri malipo.

Mtabibu wa Macho

Kuhusu kikomo cha saa, miongozo iliyopo haisemi kila kitu ambacho watu huisingizia. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya walio chini ya miaka mitano mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Miongozo ya mwaka 2020, inayohusu umri wa miaka 5 hadi 17, haikutaja idadi ya saa za skrini. Ilisema muda wa kukaa tu, hasa mbele ya skrini za burudani, upunguzwe, na mtoto apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya ahemeke, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo kwa watoto wako wote wawili, swali lenye faida si "wametazama saa ngapi" bali "siku hii imebaki na nini baada ya skrini", yaani usingizi, mwendo na mwanga wa mchana.

Nautaja mwanga kwa makusudi, kwa sababu wazazi wengi huwatoa watoto nje kwa ajili ya uzito na misuli, na jicho wanalisahau. Huko Guangzhou, China, shule za msingi ziligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi zikaongezewa kipindi kimoja cha dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, karibu asilimia 30 ya watoto wa shule zenye kipindi hicho walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya karibu asilimia 40 katika shule nyingine. Taiwan ilikuwa imeshaanza mwaka 2010 kuhimiza shule ziwatoe wanafunzi nje dakika 120 kwa siku. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali huchochea dopamini, kemikali ya mwili, kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), nayo huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Mwanga wa sebuleni kwa kawaida ni luksi (kipimo cha mwanga) mia chache, ilhali nje mchana hufika maelfu, hata chini ya mti. Mtoto anaweza kuvaa kofia na kukaa kivulini na bado akapata faida hiyo. Asichoweza ni kuipata ndani, hata kama badala ya kishikwambi umempa kitabu.

Baba wa Zamu ya Usiku

Nakubaliana na waliotangulia, ila naona mnamzungumzia mtoto wa miaka tisa kama vile kifaa kile kina picha tu ndani yake. Kuna wenzake. Watoto wa rika lake huonana humo kwenye gemu, hutaniana humo, hupanga mambo ya kesho humo. Ukimzimia na kumtoa kwenye uwanja mtupu, umemtoa kwenye kundi na kumpeleka upwekeni, halafu unashangaa kwa nini anatazama dari. Mpira bila wenzako ni kitu cha kupiga ukutani mara chache na kuchoka.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya wazazi kuliko ya watoto. Familia mbili au tatu zilizo karibu zikubaliane saa moja ileile, siku zilezile, na katika saa hiyo vifaa viwe vimezimwa katika nyumba zote. Hapo mtoto hana sababu ya kukimbilia ndani, kwa kuwa hata kule ndani hakuna mtu. Nanyi mnapokezana kusimamia, jambo ambalo kwa sisi wenye zamu ni nusu ya tatizo lenyewe. Niongeze kwa heshima kwamba wapo wasio na uwanja wala uzio, na barabara inapita mlangoni; hao wanapoongezewa lawama za skrini, hawasaidiwi chochote. Kwao suala ni mahali pa kuchezea, na hilo ni la kudai kwa mamlaka za mji.

Mzazi wa Wawili (mwanzisha mada)

Nashukuru sana. Hilo la saa ya pamoja nitaliongea na majirani wiki hii. Lakini bado nabaki na uwanja wenyewe. Mpira upo na hauguswi. Je, ninunue bembea?

Mlezi wa Kituo cha Watoto

Usinunue kwanza. Bembea huchezwa kwa namna moja, na kama iko peke yake uwanjani hukinaisha haraka. Mwaka 1943, katika mtaa wa Emdrup jijini Copenhagen, msanifu wa mandhari Carl Theodor Sørensen alisaidia kufungua uwanja wa watoto uliojazwa mabaki: mbao, matofali, matairi na mengineyo. Alikuwa ameshagundua kwamba watoto walivutiwa na maeneo ya ujenzi kuliko viwanja alivyowachorea yeye mwenyewe. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson aliiweka fikra hiyo katika nadharia: kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi vinavyoweza kuhamishwa na kugeuzwa, ndivyo ubuni unavyoongezeka.

Kwa uwanja wako nadhani vinatosha turubai kuukuu, kamba, mbao fupi zisizo na misumari, kreti za plastiki, ndoo, vibanio vya nguo na rundo la mchanga au udongo wa kuchimba. Vipange vibaya kwa makusudi, vitu viwe nusu nusu: kreti mbili zimesimama na ubao umelalia juu yake, turubai limefungwa upande mmoja likapepea upande wa pili. Mtoto akikuta kitu kilichokamilika hukitazama, lakini akikuta kibanda kisicho na ukuta wa pili, mkono unamwasha. Kisha kaa kando. Usiwape mada, usiwaulize wanajenga nini, wala usikimbilie kuwasaidia pale ubao unapoanguka, kwa sababu ule ubao ulioanguka ndio mchezo wenyewe. Ndipo mkubwa anapogundua kwamba kreti iliyolazwa inabeba kuliko iliyosimamishwa, na mdogo anapokabidhiwa kazi ya kushikilia.

Tegemea kwamba mwanzoni watalalamika. Mtoto aliyezoea kupewa burudani kila sekunde hupitia kipindi cha kuchoshwa kabla akili yake haijaanza kujitafutia, na wazazi wengi husalimu amri hapohapo, kabla jambo halijaanza. Nikiwa mkweli, wengine hurudisha watoto ndani kwa sababu wao wenyewe wamesimama kibarazani na simu mkononi, na mtoto anaona.

Kuhusu michubuko, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Kanada mwaka 2024 kilitoa tamko linalounga mkono michezo ya nje yenye kuthubutu, kama kupanda juu, kukimbia kwa kasi na kuvutana mieleka. Kinatofautisha jambo ambalo mtoto analiona na kuamua kama analiweza, na hatari ambayo hawezi kuitambua, kama tawi lililooza ndani au kipande cha chupa mchangani. Hilo la pili ni kazi yako kuliondoa mapema. La kwanza mwachie.

Mzazi wa Wawili (mwanzisha mada)

Nimekuelewa. Lakini kamba, kwa mtoto wa miaka mitano?

Mlezi wa Kituo cha Watoto

Umeuliza vizuri. Mdogo mpe vipande vifupi visivyoweza kuzunguka shingo, vya kufungia ndoo na turubai tu. Kamba ndefu itoke pale mtu mzima yupo na anatazama, isiachwe ikining'inia kwenye mti wala kwenye kifaa cha kupandia baada ya mchezo, na mtoto asipande popote akiwa amejifunga kamba, skafu au kofia yenye uzi wa kidevuni. Jioni ikunje uiweke ndani. Vitu vingine vyote vibaki nje walivyoviacha, hata kama uwanja unaonekana vurugu, ili kesho wakute pa kuendelea.