Naomba ushauri: bado namlilia Papa Fransisko

Ndugu zangu, naomba mnisaidie.

Tarehe 26 Novemba 2015 nilisimama na mama uwanjani Chuo Kikuu cha Nairobi, mvua ikitunyeshea, viatu vimejaa tope, tukimsubiri Baba Mtakatifu. Mama alikuwa ameifunga rozari yake ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Kesho yake Papa akaenda Kangemi, mtaa niliokulia, akaongea na watu wa mabanda. Kwetu hilo halisahauliki.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Nilijikaza, sikulia sana. Lakini Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21, 2025, redio ilipotangaza kwamba Papa Fransisko ametutoka, nililia mpaka nikakosa sauti. Jana yake tu alikuwa ametubariki kutoka Vatikani, sauti imemwishia. Hadi leo nikiigusa ile rozari machozi yananitoka.

Mume wangu, si Mkatoliki, ananiuliza kwa upole namliliaje mtu asiyenijua. Nahisi namlilia mama pia, na naona kama nimemkosea.

Je, naweza kuomba misa moja kwa ajili yao wote wawili? Au nianze kwa kuongea na padre? Waliopitia haya, mlifanyaje?