Wageni wangu wa maonyesho niwapeleke wapi usiku hapa Malindi? Naombeni ushauri

Jamani hamjambo, hebu nisaidieni. Jumatano napokea wageni sita kutoka bara, wenzangu wa biashara ya asali na korosho, wanakuja maonyesho ya biashara siku tatu na mwenyeji wao ndio mimi.

Chakula si shida sana, asubuhi nishawapangia mahamri na mbaazi za nazi, kuna mama hapa mtaani ukifika saa mbili na nusu unakuta sufuria inakwanguliwa, jioni viazi karai na mishkaki ya kando ya barabara wachovye ukwaju. Pizza na jelato za Waitaliano watazipata wenyewe. Ila samaki wa kupaka ndio nielekezeni, pale nilipozoea juzi nimeletewa samaki changu wa friza, tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele, nikalipa nikanyamaza.

Sasa mtihani ni usiku. Wawili wanataka muziki na bia, mmoja amekazana lazima aonje mnazi, ile pombe ya mti wa mnazi, mangweni kwenyewe inakouzwa, wengine watatu hawataki hata harufu ya pombe, na mimi mwenyewe saa tatu huwa nishalala, barabara ya Lamu na starehe zake za usiku naisikia tu kwa watoto wangu (aibu yangu hiyo).

Kuna mahali wote sita wakae pamoja au niwagawe? Mangwe tulivu yasiyo na fujo mnayajua? Na tuktuk za kurudi saa saba usiku wanatoza vipi, maana wakimsikia mtu ana lafudhi ya bara bei inapanda.