Hela ya serikali kwa ajili ya mazingira kwenye shule za msingi Tanga: kwenu imefanya nini? Tupeane uzoefu

Mtondoo
Assalaam alaykum wana Tanga. Nafundisha shule ya msingi pembezoni mwa jiji, na mazingira nimekabidhiwa mimi. Ruzuku inayoingia kwenye akaunti ya shule ni shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Serikali inatenga 10,000 kwa kila mwanafunzi, hiyo 4,000 nyingine inabaki huko juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Tuna watoto 520, kwa hiyo ni kama 260,000 kwa mwezi. Humo itoke chaki, karatasi za mitihani, michezo, kitasa kilichovunjika. Mti unakuja mwisho.

Mwaka juzi tuliletewa miche 300 bure. Tukapanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, wageni wakaja, picha zikapigwa. Siku chache baadaye shule ikafungwa. Masika yameshakwisha, watoto wako makwao, bomba limekatwa kwa deni. Tulipofungua Julai nikapita mche kwa mche: hai 41, karibu yote miarobaini. Watoto waliipa miche yao majina. Kuna binti wa darasa la tatu aliniuliza wake umekwenda wapi, na hadi leo swali lile linaniuma.

Kwenu hela ya maji mliipata fungu gani?

Mama Sahare
Pole sana mwalimu. Mimi ni mzazi, niko kamati ya shule. Kwetu ni jiko. Serikali imezuia kuni kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, na mimi naunga mkono, moshi ule unawaua wapishi wetu. Tukaletewa jiko la gesi na mitungi. Uji ukapikwa wiki tano, gesi ikaisha. Ya kujaza haina fungu, wazazi tuliochanga mahindi tukaambiwa tuchange tena. Jiko limefunikwa kanga stoo, tumerudi kwenye kuni.

Mchu wa Pwani
Sisi tuko ufukweni, tulipanda mikoko. Ruhusa tuliiomba TFS, wakala wa serikali wa misitu, mbegu tukaokota wenyewe zilizodondoka, watoto wakachomeka kwenye tope maji yalipokupwa. Bahari inamwagilia mara mbili kwa siku, haina likizo. Gharama yetu ilikuwa sabuni ya kuoshea miguu.

Mstaafu Pongwe
Wanangu, nimekuwa mwalimu mkuu miaka 14. Kosa letu ni kusubiri tuletewe. Anayeleta miche ana hesabu ya miche, hana hesabu ya ndoo. Mimi sikuomba mche hata mmoja. Niliandika gata za kukinga maji ya mvua na simtanki kwenye mpango wa shule, nikaupitisha kamati ya shule, nikamfuata diwani aupiganie kwenye kamati ya maendeleo ya kata mapema, kabla halmashauri haijafunga bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukienda Mei umechelewa. Mara ya kwanza nilikataliwa. Mwaka wa pili ikapita, paa la madarasa mawili likajaza tanki masika yote. Ndipo tukapanda, tena mwanzo wa mvua, Machi, si Juni. Likizo nilipanga zamu kwa watoto wanaokaa jirani.

Mama Sahare, na gesi iandikwe vivyo hivyo: kujaza kwa mwezi, si mtungi.

Mtondoo
Shikamoo mwalimu. Kamati yetu inakaa Alhamisi. Hizo gata zilikuwa mita ngapi, na fundi alilipwa na halmashauri au na shule?