Kumetakata baada ya wiki ya mvua na radi: je, masika yamekwisha kweli hapa Pemba?

Mkulima wa Bondeni (Chake Chake) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum.

Naomba maoni ya wenye ujuzi wa hali ya hewa, na zaidi ya watu wa bahari, kuhusu wiki tuliyoimaliza hapa Pemba. Tulikuwa tumeshaanza kusema kwamba masika yanaaga, kwa kuwa katikati ya Mei palikuwa na rasharasha tu, mara usiku wa kuamkia Jumapili zikaja ngurumo na radi kutoka upande wa mrima, na mvua iliyofuata haikupusa mpaka karibu na adhuhuri. Jumatatu mawingu yalitanda bila ya mvua ya kutaja. Jumanne alfajiri ikanyesha tena, safari hii pamoja na upepo uliolaza mpunga katika baadhi ya majaruba, na Jumatano jua lilichomoza vizuri, kisha baada ya Alasiri likaja wingu moja jeusi, likamwaga maji kwa nguvu na kwenda zake. Tangu Alkhamisi anga limetakata, usiku una ubaridi, na upepo unavuma kutoka kusini.

Nina mambo mawili yanayosubiri. La kwanza ni huo mpunga, ambao sehemu yake kubwa imeshaiva. Ukicheleweshwa utapukutika na kuliwa na ndege, na ukikatwa halafu mvua ikarudi, utachipua ukiwa katika mafungu. La pili ni kwamba nimenunua mbao na bati Unguja, na mwenye mashua atakayenichukulia mzigo anasema yuko tayari kung'oa nanga wakati wowote, maadamu anga ni safi.

Basi nauliza: kutakata huku ni mwisho wa masika au ni mapumziko tu? Na je, anga likitakata, bahari nayo huwa imetulia? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa angalizo mwanzoni mwa wiki na muda wake umeshapita, lakini simu za watu hapa kijijini zimejaa taarifa za kila namna, ikiwemo moja inayosema kwamba kimbunga kinaelekea Pemba.

Mtazama Mawingu (Mjini Unguja) amejibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu Mkulima. Nitaanza na hilo la kimbunga, kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu.

Kimbunga hupata msokoto wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na athari ya mzunguko huo juu ya upepo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Visiwa vyetu viko takriban kati ya nyuzi 5 na nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, na ndiyo sababu vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huishia Madagaska na Msumbiji bila ya kutufikia. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba havitufikii kamwe. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi mno, huku Pemba ikisalimika, na tangu hapo kisiwa chenu ndicho kinachoongoza kwa karafuu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Lakini kimbunga hakiji kwa siri: hupewa jina, hufuatiliwa kwa setilaiti siku kadhaa kabla, na Mamlaka hutoa taarifa yake mara kwa mara. Ujumbe usio na jina la kimbunga wala tarehe usiupe uzito. Tena uangalie unazungumzia Pemba ipi, kwani Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoipiga Msumbiji, taarifa nyingi zilitaja mji wa Pemba ulioko katika jimbo la Cabo Delgado, na watu wengi wa huku walipigiwa simu na jamaa zao wakiulizwa kama wako salama.

Sasa nije kwenye masika. Mvua zetu kubwa huletwa na ukanda ambamo pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana. Hewa yenye joto na unyevu ikikutana namna hiyo haina pa kwenda isipokuwa juu, na huko juu hupoa na kuwa mawingu na mvua. Ukanda huo hulifuata jua. Kuanzia Machi hadi Mei hupita juu yetu ukielekea kaskazini, ndiyo masika, na kuanzia Oktoba hadi Disemba hupita tena ukirudi kusini, ndiyo vuli. Unapotuacha mwezi wa Mei hauondoki kwa hatua moja. Husogea kaskazini, husita, hurudi nyuma kidogo, kisha husogea tena, na wiki uliyoieleza ni ya aina hiyo hasa: Jumapili na Jumanne ulikuwa bado karibu, na Jumatano mlipata mabaki yake.

Kinachousukuma ni kusi. Mbali kusini, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa ambalo hupata nguvu majira ya baridi ya kusini yanapoingia, na hewa inayotoka huko ndiyo inayotufikia ikiwa upepo wa kusi. Upepo huo ukishashika, hewa ya tabaka la juu huwa kavu, na mawingu hukosa nafasi ya kupanda. Kwa hiyo mimi sitazami tu kama jua limetoka. Natazama umbo la wingu. Mawingu yanayorundikana kwenda juu, yenye vichwa vyeupe na radi ndani yake, ni mawingu ya masika. Mawingu madogo yaliyo chini, yanayokimbia kutoka kusini na kudondosha manyunyu ya dakika chache kisha jua likarudi, ni ya kusi. Kama tangu Alkhamisi mmeona haya ya pili tu, na upepo haukugeuka hata usiku, basi masika yako mlangoni yakitoka. Nasema mlangoni kwa makusudi, kwa sababu Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, takriban milimita 1,900 kwa mwaka dhidi ya 1,600 hivi za kwetu, na kwa kuwa mko kaskazini zaidi, si ajabu ukanda huo ukachelewa kuwaacha ninyi baada ya kutuacha sisi.

Kuhusu angalizo: kupita kwa muda wake maana yake ni kwamba kipindi kilichotajwa kimekwisha, na si ahadi ya jua. Soma taarifa mpya kila jioni, na utazame kama Pemba imetajwa. Pia utazame ngazi yenyewe, kwani angalizo ni la chini, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na mvua inayohesabiwa kuwa kubwa ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kipimo hicho kinaonekana kidogo mpaka ukipige hesabu: milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo bati la nyumba lenye mita 60 za mraba hupokea lita 3,000 kwa siku moja. Usishangae jaruba likigeuka bwawa.

Nahodha Mstaafu (Tumbe) amejibu:

Bwana Mkulima, ndugu yetu wa Unguja ameeleza vizuri kwa nini anga linatakata, nami nataka uchukue maelezo yake uyapeleke baharini. Linalosafisha anga ni kusi, na linalonyanyua mawimbi ni kusi hilohilo. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, na kwa majira haya huwa ni kinyume chake. Wakati wa maleleji, yaani kati ya kaskazi na kusi, unaweza kukuta mvua inanyesha na bahari imelala; mwezi wa Juni na wa Julai unaweza kukuta jua kali, anga jeupe, na mkondo usiopitika kwa chombo kidogo. Meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya majira ambayo mvua ya kutisha haipo kabisa, kwa upepo na mawimbi. Mwenye mashua anayesema "maadamu anga ni safi" anatazama kitu kimoja kati ya viwili.

Kutoka Unguja kuja Pemba kusi humsukuma msafiri kwa nyuma, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika kwamba safari ni nyepesi. Chombo kilichojaa mzigo kinapokimbizwa na wimbi la nyuma, usukani huwa mgumu na chombo hutaka kugeuka ubavu. Mahali pa hatari ni baada ya kuiacha Nungwi, ambako kisiwa hakikukingi tena na mkondo una nguvu. Ukiingia upande wa magharibi wa Pemba, kuelekea Mkoani au Wesha, unapata kivuli cha kisiwa na bahari inapungua. Basi aondoke alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapolipunguza kusi makali, na asingoje adhuhuri, kwa sababu mchana hupanda. Pia atazame maji: bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likitoka kwa kasi dhidi ya upepo, mawimbi husimama wima na kuwa mafupi, na maji mafu, yale madogo ya katikati yake, ni salama zaidi.

Kuhusu kujua kama masika yamekwisha, wazee wetu walihesabu miongo tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za juu, na kila kazi ya shamba na ya bahari ilikuwa na mwongo wake. Ni hesabu nzuri, lakini vijana wanaoirithi wasisahau kwamba mwaka huo ni wa siku 365 kamili na hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne Nairuzi husogea mbele ya majira kwa siku moja. Katika miaka 40 tofauti ni siku kumi, yaani mwongo mzima. Mtu anayesema "babu yangu alisema masika huisha mwongo fulani" hana budi kuongeza mwongo mmoja au zaidi, kutegemea babu huyo aliishi lini. Nimewasikia wengi wakiilaumu mvua kwamba imechelewa, na huenda hesabu ndiyo iliyotangulia.

Bi Mkubwa wa Makangale amejibu:

Mwanangu, mambo ya mkondo nawaachia wenyewe. Mimi ni mtu wa mpunga na mwani, na vyote viwili vinategemea jua.

Usiukate wote kwa siku moja. Anza na ule uliolala, kwa sababu suke lililogusa maji huanza kuchipua hata kama halijakatwa, na huo hauna faida ya kungoja. Uliosimama utazame suke: sehemu nne kati ya tano za punje zikiwa zimegeuka rangi ya majani makavu, umeiva. Ukikata, usiurundike ukasubiri watu wa kupura wapatikane. Upure siku hiyohiyo au kesho yake, kwani fungu lenye unyevu hupata joto ndani na mchele wake hutoka na rangi na harufu. Anika juu ya jamvi au turubai, tabaka jembamba, na uwe na mtu nyumbani wa kuanua, maana manyunyu ya kusi hayabishi hodi. Wataalamu wa kilimo wanataka unyevu usizidi asilimia 14 kabla ya kutia ghalani. Sisi tusio na kipimo huuma punje: ikikatika kwa mlio imekauka, ikibonyea bado.

Sisi wa mwani tumejifunza hilo kwa njia ngumu zaidi, kwa kuwa mwani ukinyeshewa ukiwa juani huoshwa chumvi yake, hupauka, na mnunuzi huushusha bei. Siku hizi wengi tunaanika juu ya vichanja, na wiki kama hii iliyopita hatuvuni kabisa hata kama bamvu limefika.

Mkulima wa Bondeni amerudi:

Nawashukuru nyote, na wewe Bi Mkubwa, shikamoo. Mpunga uliolala tutaanza kuukata kesho, na wa kupura wameshaitwa. Uliosimama nitauacha kwa siku chache huku nikitazama mawingu kama alivyoeleza Mtazama Mawingu. Linalonisumbua ni mashua. Nimezungumza na mwenyewe, naye anasema ataondoka baada ya Isha ili afike asubuhi, na kwamba bati atazipanga juu ya mbao. Mzee wangu wa Tumbe, unasemaje?

Nahodha Mstaafu amejibu:

Kuondoka baada ya Isha maana yake ni kuupita mlango wa Nungwi usiku wa manane akiwa amebeba mzigo, mahali ambapo anahitaji kuliona wimbi kabla halijamfikia. Mwambie alale Mkokotoni au Nungwi, kisha avuke kuanzia alfajiri. Mbao zilale chini kabisa, zifungwe zisiteleze, na asizidishe mzigo kwa ajili ya kubana safari. Bati asizipange juu hata kidogo, kwa sababu karatasi moja ikinyanyuliwa na upepo nyingine zitaifuata, na itakayompata baharia shingoni ni hatari kuliko wimbi. Akikosa nafasi ya kuzilaza chini na kuzifunga, basi achukue mbao peke yake, na bati uzilipie katika meli ya mizigo inayokuja Mkoani. Gharama itazidi kidogo. Kwa siku ya kuvuka, muulize mwezi una siku ngapi, angoje maji mafu, na jioni ya kabla yake asikilize utabiri wa bahari, si wa mvua.

Mtazama Mawingu amejibu:

Nakubaliana naye. Katika taarifa ya kila siku ya Mamlaka hutajwa pia kasi ya upepo na urefu wa mawimbi kwa ukanda wa pwani. Aliyezoea kusikiliza habari za mvua hulipita tamko hilo bila ya kulitilia maanani, na kuanzia sasa hadi Septemba ndilo lenye kazi.