Picha zangu wanasema nzuri, ila hazijulikani ni za nani. Nifanyeje?

NesiWaMoro

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Niko Morogoro, kazi yangu ni unesi, kupiga picha ni mapenzi tu. Nina kamera ya Canon 2000D na lenzi iliyokuja nayo, ile ya kuvuta, milimita 18-55. Huu ni mwaka wa sita. Nilijifunza YouTube usiku nikitoka zamu: mwanga, ISO, spidi, kugawa fremu mara tatu, hayo yote nimeyashika. Nikiposti naambiwa "kali sana", "moto", mioyo inamiminika. Nikaamini.

Mwezi uliopita kuna sehemu walikuwa wanakusanya picha za maonyesho madogo. Nikapeleka 20, zile ninazozipenda kuliko zote. Mama mmoja aliyekuwa anachagua akazipitia taratibu mezani, akarudi mwanzo, akaniuliza, "Binti, ni nzuri. Ni za nani?" Nikamjibu ni zangu. Akasema, "Najua umezipiga wewe. Nauliza ni za nani."

Usiku ule sikulala. Nikazitazama upya. Hii ya machweo nimeiga jamaa wa Dar. Hii ya bibi anacheka nimeiga Mmarekani mmoja. Rangi za zote ni filta moja niliyoinunua, machungwa kwenye ngozi, bluu kwenye vivuli. Kila mtu ananiambia "tafuta mtindo wako". Unatafutwa wapi jamani?

Lenzi_Kubwa

Dada, hiyo 18-55 ndiyo inakuchelewesha. Chukua lenzi ya milimita 85 ya f/1.8, nyuma ya mtu iyeyuke kama siagi, utaona tofauti siku hiyohiyo. Hayo mengine ni maneno ya wasanii.

NesiWaMoro

Asante kaka. Ila yule mama hakulalamikia nyuma.

BabaSalha_Tanga

Marahaba binti yangu. Huyo hapo juu msamehe, ugonjwa wake na mimi niliugua. Ila kijana, Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alianza kwa kutundika shuka la kitanda chake nyuma ya wateja. Shuka lenye maua, na mteja naye kavaa maua. Hakuna kilichoyeyuka hata kidogo, na leo ukiona picha yake moja tu unamjua.

Sasa nikusimulie ya kwangu, maana mimi ni mpiga picha wa harusi, sikusomea usanaa popote.

Niko Tanga, Ngamiani. Nilianza 1996 na Pentax K1000, mashine ya chuma, betri yake kazi yake kupima mwanga tu, ikifa unaendelea. Mkanda ulikuwa wa picha 36, ukiuvalisha kwa akili unapata 37. Shughuli inaisha usiku, umebakiwa na picha mbili, tatu. Huwezi kuukata mkanda, huwezi kuupeleka kusafisha haujaisha. Basi asubuhi nazimalizia kwa chochote. Na asubuhi nilikuwa narudi palepale kwenye shughuli kudai hela iliyobaki (hela ya harusi hudaiwa asubuhi, watu bado wana usingizi na haya). Mwenye nyumba hajaamka, nimekaa uani nasubiri. Turubai linateremshwa. Viti vimebebeshwa kumi kumi. Masufuria yamelowekwa. Mtoto kalala kwenye jamvi na gauni lake la jana, kiatu kimoja mguuni. Ndizo nilizokuwa napiga, mkanda uishe nikapeleke.

Mwaka 1999 mzee mmoja wa Chumbageni akazihesabu picha zake moja moja mezani kwangu. Akatoa tatu pembeni. "Hivi viti ni vya nani? Mimi silipii viti." Mke wangu alikuwepo. Mpaka leo nikibeba kamera anauliza, unaenda kupiga watu au viti? Tangu siku ile nikawa nazitoa kabla mteja hajaziona, nazitia kwenye kopo la biskuti. Sikuzitupa kwa sababu ya ubahili tu, nilishazilipia.

Wakati huohuo mimi nilitaka kuwa msanii! Jumapili naenda Raskazone kupiga mashua. Napiga baiskeli iliyoegemea ukuta wa nyumba ya enzi za Mjerumani. Mzee kavaa kofia, moshi wa sigara. Nina mamia ya hizo. Picha za kalenda tu. Mtu yeyote akishuka kwenye basi Tanga na kamera, ndani ya siku mbili anakuwa nazo zote, wala asilale.

Kisha 2010 nikahamia dijitali, Nikon D90, na hapo ndipo nilipoharibika. Shughuli moja picha 900. Kadi haina "zilizobaki". Na hela zikaanza kuja kwa simu, sina haja ya kwenda kumdai mtu asubuhi. Miaka minne sikupiga kiti hata kimoja, na sikujua kama nimepoteza kitu.

2014 tukapaka rangi nyumba, fundi akaliangusha kopo. Picha 211. Nikaziokota nikaanza kuzipanga sakafuni, mke wangu akaja na chai akakuta sebule nzima imejaa, hana pa kukanyaga. Akasimama mlangoni akaniambia, "Kumbe zote umekaa." Sikumwelewa. Akasema, tazama, hakuna hata moja uliyopiga umesimama.

Kweli. Kamera iko chini, kimo cha mtu aliyeketi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nasubiri hela. Hakuna anayenitazama, kwa sababu kila mtu ana kazi na mimi si mgeni tena. Na mwanga ni uleule katika zote. Sikuwa nimepanga hata kimoja. Watu husema shughuli ni watu. Kumbe mimi macho yangu yanafunguka watu wakishaondoka.

Kuhusu huo mwanga nikuambie jambo, maana hao wa YouTube wanatudanganya bila kukusudia. Wanasema saa ya dhahabu, una saa nzima na zaidi. Kwao sawa, jua la kwao linapanda kwa mshazari, linaambaa. Kwetu karibu na ikweta linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Likitoka saa 12 na nusu, ikifika saa 1 na nusu limeshapanda, kivuli cha kiti kimefupika na plastiki nyeupe inachoma macho. Dakika 40 za kwanza ndizo za kwangu. Baadaye nanywa chai na wapishi.

Basi nikaanza kufanya makusudi yale niliyoyafanya kwa uchovu. Nilichukua lenzi moja ya milimita 35 nikaifunga kwenye D90, mwaka mzima sikuitoa. Ukiwa mita 3 inakuingizia kama mita 2 kwa upana. Ikishakuingia mwilini hiyo, unajua pa kuchuchumaa kabla hujainua kamera. Flashi marufuku. Fremu ya kulala tu. Viti vyeupe vilinitesa: kamera haijui cheupe, ikiona viti vingi inavifanya vya kijivu na kila aliye karibu anakuwa makaa. Nikajifunza kuongeza mwanga hatua moja kamili, nikiona weupe unakaribia kupotea naacha hapohapo. Hiyo ndiyo rangi yangu. Filta sijawahi kununua.

Mia za kwanza zilikuwa mbaya, nikiri. Nilikuwa najiiga mwenyewe. Nilifikia hadi kusogeza viti! Kiti ukikisogeza kinajulikana, sijui kwa nini, kinakaa kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Nikaacha.

Siku niliyojua kuna kitu: jamaa anayekodisha maturubai alitumiwa picha kwenye simu na mtu mwingine kabisa, haina jina. Ilikuwa ndoo tatu na utepe wa gari la bwana harusi. Akanipigia, "Hii yako hii." Nikamuuliza umejuaje. Akasema, "Nani mwingine anapigaga ndoo?"

Baadaye kijana wangu akanionyesha habari za Samuel Fosso. Huyu alikimbilia Bangui, Afrika ya Kati, baada ya vita vya Biafra kule Nigeria, akafungua studio 1975 akiwa na miaka 13. Mchana anapiga wateja, na mkanda ukibakiwa na picha chache anazimalizia kwa kujipiga mwenyewe, amevaa kwa madaha, nyingine anamtumia bibi yake Nigeria. Hizo za mwisho wa mkanda ndizo zilizompeleka kwenye maonyesho ya picha ya Bamako 1994 na duniani kote. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikalitazama kopo la biskuti.

Kwa hiyo mwanangu, zile 20 ziweke. Nenda kwenye zile ambazo hukuposti. Safisha kwenye karatasi, kwenye simu hutaona, kidole kina haraka. Zile ndogo za bei nafuu zinatosha. Panga sakafuni, halafu mwite mtu asiyejua kamera. Usimwulize ipi nzuri. Muulize anaona nini.

Mvita_Kivuli

Mzee wangu, umeandika nimesoma mara mbili. Lakini hapo kwa rangi na filta wataka kumpoteza mtoto wa watu. Mtindo waweza kuzaliwa baada ya kupiga pia. Hapa kwetu pwani, Lamu, palikuwa na Omar Said Bakor na studio yake. Alijifunza mwenyewe. Kazi yake yajulikana kwa kukata na kubandika: sura ya mteja aitoa alikopigwa, aiweka ndani ya picha nyingine kabisa. Wamwambia nini huyo, kwamba asihariri? Mkasi ndio uliokuwa jicho lake.

La pili, mtindo nao hufunga. Mimi nilipiga vivuli miaka saba, hata jina langu humu ni kivuli. Sasa mteja akinipigia ataka kivuli, nami nimechoka navyo.

BabaSalha_Tanga

Hapo kwa Bakor umenishika, sina jibu. Nilichokusudia ni filta ya kununua, aliyoipika mtu mwingine kwa ngozi ya watu wengine na jua lingine. Mkasi wake alikuwa anaushika mwenyewe.

La kuchoka, pole. Mimi mwaka jana nilipiga miezi mitatu bila kiti. Nikapiga wapishi, na wote nimewapiga nimekaa. Sasa sijui kama nimefungwa au nimezeeka magoti.

Lenzi_Kubwa

Mzee na wewe ungekuwa na 85 hivyo viti vingependeza zaidi 😄

BabaSalha_Tanga

Kwa 85 nitapigia barabarani, uani kwa watu hamna nafasi hiyo.

NesiWaMoro

Shikamoo tena mzee. Samahani nimechelewa kurudi, nilikuwa na zamu za usiku wiki mbili.

Nimefanya. Nimesafisha 96, zote ambazo sijawahi kuposti, muuza studio akaniuliza kama nimekosea folda. Nikazipanga chumbani chini, nikamwita dada anayetusaidia kazi. Yeye kwao ni Matombo, juu huko Uluguru. Nikamuuliza anaona nini. Akazunguka, akacheka, akasema, "Dada, mbona mlima umeukata kichwa?"

Sikuwa nimeona. Mlima umo kwenye 38, nimehesabu. Napiga soko la Kingalu, mlima uko nyuma, umekatwa. Napiga nguo zimeanikwa nyumbani, mlima uko nyuma, kamba imepita shingoni. Nyaya za umeme, bodaboda, dirisha la daladala, daima kuna kitu mbele na kilele hakimo. Na ninazoziposti zote zina kilele chenye mawingu, zile za kumeremeta. Zilizokatwa nilikuwa naziita zimeharibika.

Nimejaribu kufikiri kwa nini. Nyumba niliyokulia ilikuwa na dirisha dogo upande wa mlima na bati la jirani lilikuwa limeziba juu. Nilikuwa nauona tumbo tu. Sijui kama ndiyo sababu au najitungia.

Sasa nifanyeje? Nianze kuukata makusudi? Naogopa nitakuwa kama ulivyosema, wa kusogeza viti.

BabaSalha_Tanga

Utasogeza, hiyo huikwepi. Mia za kwanza zitakuwa za uongo, zipige haraka ziishe.

Usiende popote kutafuta mlima. Ukitoka zamu asubuhi unapita wapi? Pita hapohapo, na lenzi yako hiyohiyo, ila ifunge kwenye namba moja, chagua 35 au 50, gundisha hata kwa selotepu. Sababu usijibu sasa, wala usiiandike chini ya picha. Na hilo dirisha, kama nyumba bado ipo na wenyewe wanakuruhusu, nenda ukapige kwanza hilo. Simama kimo ulichokuwa nacho wakati ule.

NesiWaMoro

Nyumba ipo, anakaa shangazi. Bati la jirani lilishatolewa, wamejenga ghorofa. Hata tumbo halionekani tena.

BabaSalha_Tanga

Nenda na kamera.